Kipimo cha Saa Tatu

Saa tatu asubuhi, na tena saa tisa,
nashuka kwenye chemchemi ya Kyaseni, juu ya Uru,
nasoma ubao wa namba uliosimikwa na watu wa Bonde
mwaka ule vuli ilipokataa kuja.
Naandika sentimita, na kando yake lita,
kwa penseli, maana wino hukimbia ukungu ukiteremka.
Nalipwa kidogo, na hicho kidogo huchelewa
kama mgonjwa anayepanda mlima.

Kabla ya ubao palikuwa na mfongo.
Nyanya yangu Manka alijua zamu yake kwa kivuli cha masale:
kikigusa jiwe la tatu, anachomoa gogo la mgomba, maji yanaingia;
kikigusa la tano, anaziba. Asipoziba,
Merinyo wa mfongo anamtoza debe la mbege.
Faini ile ilinywewa na wote, hata na aliyetozwa.

Sasa kuna kibali. Kina muhuri, kina ada ya mwaka.
Sikatai. Mto hauzaliwi Uru ukafia Uru;
huko chini wapo wenye mpunga, wapo wenye ng'ombe,
lipo bwawa linalogeuza maji kuwa taa.
Lazima mtu ashike daftari la wote,
na mimi ni jicho la daftari hilo,
jicho lenye viatu vya mpira.

Mradi ulipokuja, ulikuja na kikao.
Mezani maji ya chupa, ya dukani.
Mkandarasi Lugembe. Mshauri elekezi, kwa simu.
Mhandisi Kabyemera na ramani
iliyokunjwa na kukunjuliwa hata ikachanika:
penye chanzo, hapo hasa, karatasi ilikuwa tundu.
Wakasema, lita kumi na nne kwa sekunde. Vijiji vitano.
Nikanyoosha mkono nikasema, Februari ni sita.
Katika muhtasari iliandikwa:
"Mjumbe mmoja alichangia."

Tenki likajengwa. Sisemi lilijengwa vibaya.
Nilimwona fundi Ombeni akilimwagia maji siku ishirini na moja
kama mama anayeogesha kichanga.
Bomba zilizikwa kina kilichoandikwa.
Kila cheti cha malipo kilikuwa na jasho nyuma yake.
Hakuna aliyeiba, ndiyo maana inauma:
mwizi angetupunguzia maswali.

Siku ya makabidhiano, Februari, utepe ukakatwa.
Koki ikakohoa, ikatoa upepo,
ikatoa konokono mdogo,
kisha maji ya kutosha kulowesha mkasi.
Makofi yalipigwa. Ngoma ilikuwa imeshalipiwa.

Wiki ya pili Kabyemera alinifuata mtoni
peke yake, suruali ameikunja.
"Hiyo sita yako," akasema,
"ukiipindua kichwa chini si ni tisa?
Na penseli inafutika."
Sikumjibu. Maji yalikuwa yakijibu kwa sauti ndogo.
Akachutama. Akausoma ubao mwenyewe,
mara ya kwanza tangu nimjue,
akausoma tena, kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Kisha akaniomba penseli,
na chini ya namba yangu akaandika namba ileile
na jina lake lote, herufi kubwa.

Kesho anapanda mkaguzi, Bi Mkwizu.
Nimefunga madaftari kumi na moja ndani ya mfuko wa mbolea,
la chini kabisa limeliwa na mchwa pembeni,
Machi nzima haipo.
Sijui atauliza nini kwanza.
Labda ataniuliza mimi kwa nini sikupaza sauti.

Leo saa tisa: ishirini na tano. Lita tano na nusu.
Wakati naandika, binti wa Eliaichi alishuka na ndoo,
akaijaza, akaiweka kichwani, akanipita.
Hakuniuliza namba.